Mkuku Umepanda, Je, Umepona?

Hoja iliyo mbele ya wasemaji ni moja: bamba la mkuku likinyooshwa na kurudi mahali pake, chombo kiruhusiwe kuingia majini.

Mahali ni uwanja wa mafundi wa jua kali mjini Kisii, si mbali na soko la Daraja Mbili. Kazi za kila siku hapa ni mageti, madirisha na fremu za pikipiki. Leo, juu ya matofali manne, limelazwa bamba la chuma lenye urefu wa sentimita 180, upana wa sentimita 40 na unene wa milimita 12. Limetoka kwenye mashua ndogo ya tanga, ya faiba, iliyopanda fungu karibu na mdomo wa mto Sondu-Miriu katika Ghuba ya Winam. Mkuku wa mashua hiyo haukufungwa moja kwa moja. Hupanda na kushuka kwa winchi na waya, ndani ya sanduku lililojengwa katikati ya chombo. Ulikuwa umeshushwa, ukagonga, ukagoma kupanda na ukagoma kushuka. Ukapigwa, ukavutwa, mwishowe ukapanda.

Wasemaji nawaita kwa kazi zao. Mwenye Chombo ni kijana wa Nyamira anayefanya kazi Kisumu. Fundi anachomelea vyuma hapa hapa. Mwalimu anafundisha fizikia katika shule ya sekondari Nyamira. Mvuvi ni mama wa Kendu Bay mwenye mashua mbili, na samaki wake huuzwa Daraja Mbili. Baharia ni mzee wa Lamu aliyekuja kumwona binti yake aliyeolewa Kisii. Mwenyekiti anaongoza mjadala. Sauti zenyewe nimezitunga. Mambo zinayogombania sikuyatunga.

MWENYE CHOMBO: Acheni nianze mimi, maana hasara ni yangu. Mkuku wa aina hii ulibuniwa kwa ajili ya maji kama ya Winam. Ukitaka kubisha upepo unaushusha, ili chombo kisipeperushwe ubavu. Ukikaribia ufuo unaupandisha, unaingia hadi maji ya magoti. Kugusa chini ni sehemu ya maisha yake. Basi umegusa, umekwama, tumeukwamua, na bamba limepinda kidogo. Fundi alinyooshe, nikalirudishe, nipandishe na kushusha mara kadhaa. Likienda vizuri, ubishi uko wapi? Ngamani hakukuwa na maji. Chombo hakikuvuja hata tone.

FUNDI: Kijana wangu, kulinyoosha bamba hili ni kazi ya kabla ya jioni. Lakini umeniletea panga na ala umeiacha nyumbani. Kilichogonga ni panga; kilichopokea kishindo ni ala. Nikitaka kujua kama kuna kilichoumia, wa kuulizwa ni sanduku, na sanduku liko Kendu Bay chini ya mti.

MWENYE CHOMBO: Sanduku halikuguswa, mzee. Kilichogusa chini ni ncha ya mkuku.

MVUVI: Na ninyi watu wa milimani mmeanza lini kuamua habari za mikuku?

FUNDI: Mama, wazee wetu husimulia kwamba Abagusii walikaa Goye, kule Yimbo kando ya ziwa, kabla ya kupita Kano na Kabianga na hatimaye kupanda huku. Ziwa tuliliacha zamani na sidai kulijua. Chuma nakijua. Kikigongwa huku, mara nyingi kinapasukia kule.

MWALIMU: Hapo Fundi amesema fizikia nzima ya jambo hili. Kijana, mkuku ukiwa chini kabisa, sentimita ngapi zinatokeza nje ya tumbo la chombo?

MWENYE CHOMBO: Kama 120.

MWALIMU: Na ndani ya sanduku zinabaki 60. Basi huo ni wenzo. Ncha ikisukumwa nyuma, bamba linajaribu kuzunguka kwenye ukingo wa nyuma wa tundu, pale linapotokea tumboni, na kichwa chake kinakimbilia mbele. Mkono wa chini ni mara mbili ya mkono wa juu. Kwa hiyo kichwa kinausukuma ukuta wa mbele wa sanduku kwa nguvu mara mbili ya ile iliyogonga ncha. Ukingo wa nyuma unabeba zote kwa pamoja: mara tatu. Ncha uliyoiona ikigusa ndiyo iliyopata nguvu ndogo kuliko zote.

MWENYE CHOMBO: Mara tatu ya kidogo bado ni kidogo, Mwalimu. Ulikuwa mchanga ule.

MWALIMU: Tupime basi. Chombo na watu wake tukiweka tani 1, mwendo fundo 5, yaani kama mita 2.5 kwa sekunde, nishati yake ni takriban jouli 3,100. Mchanga ukikusimamisha polepole, kwa umbali wa mita 2, nguvu ya wastani ni kama uzito wa kilo 160. Mkuku unaivumilia hiyo. Kisiki au jiwe likikusimamisha ndani ya sentimita 5, nguvu inapita uzito wa tani 6. Zidisha kwa tatu uone ukingo wa nyuma umebeba nini. Ndiyo maana swali la kwanza baada ya kupanda fungu liwe hili: ulisimama kwa umbali gani? La kama mkuku unapanda lije baadaye.

MWENYE CHOMBO: Tulisimama ghafla kidogo. Mwenzangu alianguka akashika mlingoti.

FUNDI: Njooni muone. Mchanga huisugua rangi ukaacha chuma king'ae, tena mahali papana. Hapa chini, pembe ya mbele, pana mbonyeo unaoingia ncha ya kidole gumba, na kingo zake zimekunjamana. Mchanga haufanyi hivi.

MVUVI: Mimi napajua pale. Chini ya mchanga kuna magogo. Mto ukifurika unashuka na miti mizima, unaizika mdomoni. Na tangu maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yakameza fuo, huko chini kuna nguzo za ua, visiki na misingi ya nyumba ambayo mgeni wa tanga hawezi kuijua. Lakini nisimalizie kwenye magogo. Mchanga wenyewe si wa ziwa, ni wenu. Mnalima hadi ukingoni mwa mto, mvua inauchukua udongo, sisi tunaupokea. Kijana wa Nyamira amekwama kwenye shamba la babu yake.

FUNDI: Mama, umekuja kuuza samaki au kututoza kodi?

MWALIMU: Ana haki, Fundi. Maji ya mito ya Nyamira yanaishia ziwani: Sondu upande mmoja, Kuja ambao wengine tunauita Gucha upande mwingine. Kutoka mji huu mpaka uso wa ziwa ni mteremko wa zaidi ya mita 500, na mvua yetu haina huruma. Kingo tumezipanda mikaratusi, ambayo inanywa maji na chini yake majani hayashiki vizuri. Mahali palipoachiwa ukanda wa napia, maji huingia mtoni yakiwa yameacha sehemu ya udongo wao nyuma. Hilo linawezekana, na wengi hatulifanyi.

MWENYEKITI: Mjadala wa udongo unastahili siku yake, ila kuna jambo lake moja linalohusu hoja yetu. Mdomo wa mto unahama. Fungu la mwaka jana haliko pale lilipokuwa, na lililopo mwaka huu haliko kwenye ramani ya mtu. Mwenye mkuku unaopandishwa hushawishika kuamini kwamba hana haja ya kupima maji, kwa kuwa mkuku utampimia. Baharia, mnasemaje huko kwenu?

BAHARIA: Kwetu, bwana, maji hupimwa kwa bildi au kwa pondo, na kijana wa omo anaimba vina ili nahodha asikie. Atakayepima kwa mkuku ameamua kupima mara moja tu. Lakini mimi hoja yangu ni nzito kuliko hiyo. Huo mkuku wenyewe siutaki. Toboa tumbo la chombo, jenga sanduku, tia bamba linalocheza, tundika kwa waya: umejitengenezea maradhi manne. Mkuku wa mashua ya Lamu ni gogo, linatoka omo hadi tezi, na mataruma yanasimama juu yake. Ukigusa, unagusa kwa urefu wote wa chombo. Kule Kisumu wameiona Flipflopi, jahazi la plastiki iliyorejelewa ambalo Ali Skanda na wenzake waliliunda kwetu Lamu na kulishusha majini mwaka 2018. Mwaka 2021 lilizunguka ziwa hili hili, likafika Uganda na Tanzania, na halina bamba la kupanda na kushuka.

MWENYE CHOMBO: Mzee, jahazi hilo halibishi upepo kama chombo changu.

BAHARIA: Halibishi kama chako, kweli. Lakini hakuna aliyeubeba mkuku wake kwa lori hadi Kisii.

MWALIMU: Mzee wangu, kwa heshima, mkuku kufungwa moja kwa moja si kinga. Mwezi wa Mei 2014 kulikuwa na chombo cha Waingereza kilichoitwa Cheeki Rafiki, jina lenye Kiswahili ndani yake. Kilikuwa kinarudi Southampton kutoka Antigua, watu wanne ndani. Katikati ya Atlantiki kikaanza kuingia maji, wakatuma habari, kisha kimya. Kilipatikana kimepinduka na mkuku haupo. Wote wanne walipotea. Mkuku wake haukuwa wa kupandisha. Ulikuwa wa chuma, umefungwa kwa bolti. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walitoa ripoti yao mwaka 2015, wakasema kwamba huenda kugusa chini mara kadhaa huko nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, kulidhoofisha muundo wa ndani ulioshika mkuku. Baada ya kila kugusa kilikuwa kinaelea, na watu wanakisafiria.

BAHARIA: Chuma kilichoning'inizwa chini ya faiba kwa bolti si mkuku ninaousema mimi. Hata hivyo nakupa nusu. Mbao nazo huficha. Chombo kikigusa mwamba, sisi hungoja maji yakipwa, tukakipweleza kwenye mchanga, tukakitia gadi huku na huku kisilale, kisha mtu anakizunguka kwa miguu akitazama kila mshono wa kalafati. Na hapo hapakwi deheni mpaka pametazamwa. Chokaa na mafuta vikishapita juu, ufa umevikwa kanzu.

MWENYE CHOMBO: Hilo ndilo tatizo langu, wazee. Ninyi mna bamvua. Maji yenu yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Leo umepwelewa, baada ya saa sita bahari inakuinua yenyewe, na ukitaka kutazama tumbo la chombo bahari inakuonyesha bure. Ziwa halina kupwa wala kujaa kwa kutegemewa. Nilipokwama hakuna maji yaliyokuwa yanakuja kuninusuru. Ningefanya nini zaidi ya kuvuta?

MVUVI: Ungewahamisha watu. Unashusha tanga kwanza, maana upepo unaendelea kukusukuma fungu lilipo. Watu wote wanakwenda upande mmoja, chombo kinalala, mkuku unapungua kina. Halafu unarudi kwa njia ile ile uliyoingilia. Wewe ulivutwa vipi?

MWENYE CHOMBO: Boti ya injini ilituvuta kwa ubavu.

FUNDI: Basi hapo ndipo lilipopindia. Bamba hili lina nguvu kwa mbele na nyuma, upana wake wote wa sentimita 40 unapigana. Kwa ubavu ni milimita 12 tu. Tazameni uzi huu nilioufunga kutoka kichwani hadi nchani: katikati uko mbali na chuma kwa upana wa kidole. Mgongano ulikuwa ajali ya kwanza, kuvutwa ubavu ni ya pili, na nyundo zenu ufuoni ni ya tatu. Na kila mara nguvu ilipitia sandukuni.

MWENYE CHOMBO: Tungeuachaje? Haukuwa unapanda wala kushuka.

FUNDI: Kukwama kuna sababu mbili ambazo dawa zake hazifanani. Ya kwanza ni uchafu: kokoto, tope, nyuzi za magugu maji zilizojisokota kati ya bamba na ukuta. Ya pili ni umbo: bamba limepinda, au ukuta wa sanduku umeingia ndani. Ukivuta kwa winchi kabla ya kujua ni ipi, uchafu unazidi kushindiliwa na umbo linazidi kuharibika, na waya unaweza kukatika ukakuchapa uso. Mkuku uliokwama kwa uchafu huonyesha uhai: ukiushusha kidogo na kuupandisha kidogo unapata nafasi. Unamwaga maji kwa nguvu kutoka juu, unapitisha ufito mwembamba pande zote mbili, unasikia kokoto inapokaa. Uliokwama kwa umbo husimama pale pale kila mara, kwa kimo kile kile. Wako ulisimamaje?

MWENYE CHOMBO: Pale pale. Kila mara karibu na nusu.

FUNDI: Na mkaongeza nyundo.

Fundi hakungoja jibu. Alichukua brashi ya waya akasugua kichwa cha bamba, pale yalipochomelewa masikio mawili yanayolizuia lisipite lote sandukuni na kuzama. Rangi ya bluu ikatoka, kutu ikatoka, mshono wa weldi ukabaki mtupu. Akalowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akaupaka mshono wote, akauacha wakati chai inamiminwa. Kisha akapangusa kwa kitambaa kikavu mpaka pakakauka kabisa, akamnyooshea Mwalimu kiganja. Mwalimu alikuwa na chaki mfukoni, kama kawaida ya walimu. Fundi akaisaga kwa shina la nyundo, akapaka unga wake juu ya mshono, pakawa peupe. Kwa muda hapakuonekana kitu. Halafu kwenye mzizi wa sikio la mbele pakachoreka mstari wa kijivu, mwembamba kama unywele, urefu wa kama sentimita 3. Mafuta ya taa yaliyokuwa yamejipenyeza ufani yalikuwa yanarudi nje, na chaki inayanywa.

MWENYE CHOMBO: Hilo si kovu la rangi tu?

FUNDI: Futa chaki, pangusa, paka tena. Rangi haiwezi kutoa mafuta mara mbili.

Akafuta, akapaka tena. Mstari ukarudi mahali pale pale.

MWALIMU: Sikio la mbele, kichwani. Upande ule ule ambao hesabu ilisema utabanwa kwa nguvu mara mbili.

BAHARIA: Na bamba lenyewe ni uzito gani?

MWALIMU: Ujazo wake kwa uzito wa chuma, ni karibu kilo 68.

BAHARIA: Basi siku sikio hilo likiachia, la pili litabebeshwa kilo 68 peke yake, na waya ulioshtuka juu yake. Likiachia nalo, mkuku unakwenda chini na mnabaki na tundu katikati ya chombo. Na hapo ndipo nilipokuwa naelekea na maradhi yangu manne.

MWENYE CHOMBO: Sawa, mzee, nimeuona ufa. Sikio litachomelewa upya. Lakini bado huu ni ugonjwa wa bamba, na bamba liko hapa. Kuhusu sanduku nina hoja ambayo hamjaijibu. Sanduku limeunganishwa na tumbo kwa tabaka za faiba na gundi. Nikimwita mtu akalikate ili atazame ndani, atakuwa ameharibu kiungo kilichokuwa kizima. Mwalimu ametuambia kwamba kwenye Cheeki Rafiki matengenezo nayo yalitajwa. Nani ataniambia kwamba kufungua si ajali ya nne?

MWENYEKITI: Hoja hiyo ni nzito, Fundi. Usiiruke.

FUNDI: Siiruki, naikubali. Sijasema alikate. Kuna mambo manne ya kufanya bila kukata chochote. Kwanza macho na mkono: pembe nne za sanduku, hasa ukingo wa nyuma, kutafuta mistari kama utando wa buibui kwenye rangi, au mahali pamekuwa peupe ndani ya faiba. Pili, kugonga kwa sarafu au shina la bisibisi, hatua kwa hatua. Faiba iliyoshikana hulia kwa sauti kavu. Iliyoachana hutoa sauti butu. Tatu, bamba likisharudishwa na chombo kimeinuliwa juu ya magogo, mtu mmoja anashika ncha na kuisukuma kulia na kushoto, mbele na nyuma, mwingine yuko ndani na tochi, kidole chake kimelala kwenye kiungo cha sanduku na tumbo. Kiungo kizima hakisogei. Kilichovunjika hufungua na kufunga, hata kwa upana wa karatasi, na kidole kinausikia mwendo huo kabla ya macho. Nne, anaziba tundu la chini, anajaza sanduku maji kutoka juu, anaacha usiku kucha, asubuhi anatafuta unyevu ndani.

MWENYE CHOMBO: Nimeshasema halikuvuja.

MVUVI: Halikuvuja chombo kikiwa kimeegeshwa. Mkuku ulikuwa juu, tanga limeshushwa, hakuna kinacholisukuma. Ufa wa sanduku unafumba chombo kikiwa kimetulia. Unafumbuka upepo ukija na mkuku uko chini, yaani wakati ambao uko mbali na ufuo. Sisi tunazijua pepo za ziwa hili, zinavyobadilika ghafla. Mimi mashua zangu ni za mbao, hazina sanduku, lakini taruma likilegea ni vivyo hivyo: ufuoni kavu, katikati ya ziwa unakinga kwa ndoo.

MWALIMU: Kuna jambo jingine la kuamua, na hapa mimi na Fundi tunatofautiana. Mkuku ukiwa chini, je, ufungwe kwa pini? Mimi nasema ufungwe. Uzito wake ndiyo farumi ya chombo hiki. Chombo kikilala sana na mkuku ukateleza kurudi sandukuni, kimepoteza kitu kilichokuwa kinakiinua.

FUNDI: Na mimi nasema pini hiyo ndiyo iliyopasua sikio. Mkuku ulioachwa huru, ukipanda fungu lenye mteremko, unainuka wenyewe kidogo na kupunguza kishindo. Uliofungwa hauna pa kwenda.

MVUVI: Ulifunga?

MWENYE CHOMBO: Nilifunga. Upepo ulikuwa mkali.

MVUVI: Basi wote wawili mna haki kwa mahali tofauti. Maji marefu na upepo, funga. Ukianza kuyaona maji yamebadilika rangi yakawa ya chai ya maziwa, umefika mdomo wa mto: toa pini, punguza tanga, weka mtu mbele na pondo. Pini ikae mkononi mwa mtu anayejua kwa nini imefungwa.

BAHARIA: Mama huyu angekuwa mtu wa Lamu tungempa chombo.

MWENYEKITI: Tufikie uamuzi. Hoja ilisema bamba likinyooshwa na kurudi mahali pake, chombo kiingie majini. Fundi, Mwalimu na Mvuvi wanaipinga. Baharia hapigi kura, kwa sababu anasema chombo chenyewe kilikosewa kuundwa. Msimamo huo tunauheshimu ingawa haumsaidii mtu ambaye tayari anacho. Hoja imeanguka. Mahali pake wasemaji wamekubaliana hivi: bamba linyooshwe, masikio yote mawili yang'olewe na kuchomelewa upya, si lile lililopasuka tu, lipimwe kwa mafuta ya taa na chaki baada ya kunyooshwa na kabla ya kupakwa rangi, waya na puli vibadilishwe, sanduku lipitishwe kwenye mambo manne ya Fundi, na safari ya kwanza iwe ya upepo mwepesi karibu na ufuo, ngama ikitazamwa wakati mkuku uko chini na tanga limejaa, si baada ya kurudi. Likionekana tatizo sandukuni, atafutwe mtu wa faiba, kwa maana Fundi wa chuma amesema mwenyewe kwamba hapo ndipo ujuzi wake unapoishia.

MWENYE CHOMBO: Nakubali, kwa shingo upande. Lakini niulize la mwisho. Tuseme nimekwenda Kendu Bay, nimegonga kwa sarafu, nimejaza maji, nimelala pale nikayalinda, na sanduku likawa zima. Nimepoteza wiki, nimelipa gari la kubeba bamba kwenda na kurudi. Nani atanirudishia?

FUNDI: Hakuna. Hata mimi nikipima weldi yangu nikaikuta nzima, hakuna anayenilipa mafuta ya taa.

MWALIMU: Asubuhi ulituambia sanduku ni zima. Ukimaliza kupima huenda utatuambia neno lile lile. La asubuhi lilikuwa tamaa yako. Hilo jingine litakuwa habari, na mtu mwingine anaweza kulitegemea.

MVUVI: Na huyo mtu mwingine yupo. Mwanangu wa pili anataka kujifunza tanga, na chombo chako ndicho kilicho karibu. Siku utakayokuja kuniomba aingie, sitakuuliza kama mkuku unapanda. Nitakuuliza sanduku lilijazwa maji mbele ya nani.

MWENYE CHOMBO: Mbele yako, mama. Jumamosi njoo na ndoo.